Mtihani wa Kidato cha Sita ni wa Nani?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii kuhara wala minyoo. Malaria itajitokeza njiani, kama kawaida yake, lakini siyo habari yenyewe. Wazazi kadhaa wa Masasi na Newala wametuomba tuandike juu ya vijana wao walio kidato cha sita. Mwanzoni tuliona kwamba jambo hili lingefaa ukurasa wa elimu. Ndipo tukakumbuka ni nani huja zahanati kuanzia Machi hadi Aprili akilalamikia kichwa, tumbo, mapigo ya moyo na mikono kutoka jasho, na vipimo vyote vikarudi havina kitu. Basi tukaona kwamba ni jambo letu.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa kijiji cha huku juu, upande wa Newala. Jina lake tunalihifadhi. Ilikuwa kabla ya mwaka 2022, wakati ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa bado inalipwa hata katika shule za serikali. Mjomba wake aliweka rehani mikorosho kumi na miwili ili mpwa wake asome Fizikia, Kemia na Baiolojia, awe daktari wa kwanza katika ukoo. Kijana hakuwa mvivu. Lakini Fizikia ilimshinda tangu mwanzo, na hakuthubutu kumwambia mtu. Matokeo yalipotoka mwezi wa Julai, alipanda gari kwenda Masasi kuyatazama, wala hakurudi. Siku ya tatu ndugu zake walimkuta kwa rafiki yake, hajala chakula cha maana na macho yamemwingia ndani. Walipomwuliza kwa nini hakurudi nyumbani, hakutaja mtihani hata kidogo. Alisema, “Niliogopa mikorosho.”

Wazazi wengi wa kwetu hupenda kumwambia mtoto jinsi walivyojinyima kwa ajili yake. Husema hivyo kwa nia njema, wakidhani kwamba akijua gharama atajitahidi zaidi. Pengine kwa mtoto wa darasa la nne husaidia. Kwa kijana wa miaka kumi na minane ambaye tayari anakesha na daftari, maneno hayo ni gunia jingine juu ya mgongo uliokwisha kuinama.

Tueleze kidogo yanayotokea mwilini. Mtu akikutana na hatari, mwili hutoa vichocheo, kimojawapo ni adrenalini, ambavyo hufanya moyo uende mbio, misuli ikaze na pumzi ziwe za harakaharaka. Tumbo nalo huacha kazi yake ya kusaga chakula. Ukikutana na nyoka shambani hali hii ni msaada mkubwa, maana utakimbia kuliko ulivyodhani unaweza. Hofu ya dakika chache kabla ya karatasi ya mtihani nayo haina ubaya, humwamsha mtahiniwa. Shida ni pale hofu inapokaa miezi mitatu mfululizo. Mwili haujui kutofautisha nyoka na karatasi ya Hesabu. Kijana anaanza kuumwa kichwa kila jioni, chakula hakipiti, anaharisha au anafunga choo, na wasichana wengine hedhi zao huvurugika. Hasemi uongo, maumivu ni ya kweli ingawa darubini haioni mdudu. Tunawasihi wazazi wasimwambie mtoto wa namna hiyo kwamba anajifanya mgonjwa.

Katika nchi yetu tunao mfano uliojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, jirani na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Haukuwa mchezo. Wengine walilia, wengine walikimbia ovyo, na hali hiyo ilikuja na kuondoka kwa saa kadhaa au hata siku. Kati ya wanafunzi 159, wapatao 95 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, ugonjwa ukafuatana nao hadi vijijini. Shule ilifunguliwa tena Mei, na mwezi uliofuata ikabidi ifungwe mara ya pili. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu, wasione kitu. Waliandika habari zake mwaka 1963. Walimu hawakuugua hata mmoja. Wengi waliochunguza mambo hayo baadaye wameona kwamba mzizi wake ulikuwa shida ya nafsi ya vijana waliobanwa na mambo mengi wasiyoweza kuyasema. Tunayataja haya kwa sababu mpaka leo wasichana wa bweni wakianguka na kupiga kelele wakati wa mitihani, neno la kwanza husikika kuwa ni mapepo au kwamba kuna mtu amewatupia kitu. Kwanza watenganishwe kwa utulivu, wapumzike, wapewe maji, wapimwe malaria na homa, na mtu wanayemwamini akae nao awasikilize. Kumtafuta mchawi huongeza hofu, na hofu ndiyo inayowaangusha.

Sasa tuje kwenye usingizi, ambao tunaona ndio dawa inayodharauliwa kuliko zote. Kijana wa umri huu anahitaji saa nane hivi kwa usiku. Yale aliyoyasoma mchana hupangwa na kuhifadhiwa kichwani wakati amelala. Anayekesha hadi saa kumi za alfajiri akajimwagia maji na kwenda darasani ni kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka. Kwa ndugu zetu wa Newala, ambako tone la maji lina thamani yake, mfano huo hauhitaji maelezo. Wapo wanaotumia vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nzito ili wasilale. Vitu hivyo huondoa usingizi lakini haviondoi uchovu, na huongeza mapigo ya moyo ambayo tayari yako juu. Vidonge vya kununua dukani vya kuamsha au vya kulaza, tusivikubali kabisa bila tabibu. Simu nayo ilale chumba kingine. Hilo wazazi wengi watalifurahia, ila wakumbuke kwamba yao inayotoa muziki sebuleni hadi usiku wa manane ina hatia ileile.

Kijana akirudi likizo ya Desemba hukuta kazi zinamsubiri kama deni. Msimu wa korosho unakwisha, mvua zinaanza, shamba linataka kulimwa, na kwa wasichana kuna maji, kuni na wadogo zao. Hatusemi asifanye kazi. Kazi za mikono humpumzisha akili, na jembe la saa mbili asubuhi ni bora kuliko kukaa kitini kutwa nzima. Tunachoomba ni kwamba apangiwe, ajue kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani hataitwa. Na ikiwa kaka yake yupo, ndoo ya maji haijaandikwa jina la dada.

Juu ya chakula hatuna maneno mengi, maana hakuna chakula cha kuongeza akili. Ugali wa muhogo peke yake hushibisha tumbo tu, basi uende na kunde, mbaazi, njugu mawe au dagaa, pamoja na mboga za majani. Wasichana hasa hupungukiwa damu, na msichana mwenye damu pungufu husinzia darasani akaitwa mvivu. Apimwe. Asubuhi ya mtihani asiende bila kula, hata kama ni uji tu na viazi viwili. Malaria tuliyoitaja mwanzoni ndiyo hii: Mei inafuata mvua za masika, mbu wako wengi. Chandarua kiende naye shuleni, na akipata homa apimwe siku hiyohiyo badala ya kumeza dawa zilizobaki za mdogo wake.

Mzazi aseme nini basi? Wengi hutuuliza hivyo. Tunaona ni afadhali aseme machache na kuuliza zaidi. Swali la “Umesoma?” hana jibu ila ndiyo. Swali la “Somo lipi linakusumbua?” humfungulia mlango. Asilinganishwe na mtoto wa jirani. Hata Baraza la Mitihani, mwaka 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Kama Baraza limeweza kuacha, sisi vijijini twaweza pia.

Hapa kwetu tunayo hazina ambayo sehemu nyingine hawana. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno juu ya wapwa zake. Mara nyingi neno hilo hutumika kuamuru: huyu atakuwa daktari, huyu atakuwa mwanasheria. Lakini mjomba ni mtu mzima ambaye si baba, na kijana aweza kumwambia yale asiyoweza kumwambia baba. Yule mjomba wa mikorosho kumi na miwili alituambia kwamba katika miaka miwili hakumwuliza mpwa wake hata mara moja kama anapenda Fizikia. Alisema hivyo kwa uchungu, wala hatukuwa na haja ya kumwongezea lawama.

Siku ya matokeo yenyewe ni siku ya hatari. Zamani ilikuwa kusubiri gazeti au barua ya mkuu wa shule. Siku hizi kila mwenye simu na namba ya mtahiniwa huyaona, na majirani huyajua kabla ya mama. Namba hiyo isitangazwe. Akiyatazama, awe pamoja na mtu. Kama yuko JKT, maana tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wameanza tena kuitwa kwa mujibu wa sheria, huenda matokeo yakatoka angali kambini, na neno la kwanza atakalolipata kutoka nyumbani lina uzito mkubwa. Ikiwa matokeo ni mabaya, asihojiwe siku hiyo. Apewe chakula, alale. Hesabu za nini kilitokea zaweza kusubiri wiki moja.

Sasa tuseme jambo zito, nasi tunaliandika waziwazi kwa sababu kulificha hakujamwokoa mtu. Wako vijana ambao wakati huu hufikiri kujiua. Dalili zake ni kujitenga na watu aliokuwa akiwapenda, kutolala au kulala mchana kutwa, kuacha kula, kugawa vitu vyake, kusema kwamba yeye ni mzigo au kwamba “hamtaniona tena”. Ukiona hivyo, mwulize kwa upole, bila kuzungukazunguka, kama anafikiri kujidhuru. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Sivyo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye mtu ameona. Usimwache peke yake, na umfikishe kituo cha afya au hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya Newala. Si kazi ya kumkemea wala ya kumfungia ndani.

Na kuna jambo moja ambalo kila nyumba ya mkulima wa korosho yafaa ilifanye leo, hata kama haina mwanafunzi. Dawa za kuulia wadudu wa mikorosho huwekwa chini ya kitanda, au jikoni karibu na chumvi. Zifungiwe katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja. Mawazo mengi ya kujiua huja kwa nguvu na kupita katika muda mfupi, na asiyeikuta sumu karibu mara nyingi huvuka usiku ule. Tukiwa bado na dawa za mikorosho, kijana anayemaliza mtihani Mei hukuta Juni watu wanaanza kupuliza salfa. Akienda kusaidia, afunike pua na mdomo, avae miwani ikipatikana, na aoge akirudi. Mwenye pumu asiende.

Tugeuke kwenye kuchagua chuo, kwani hofu nyingi hutokana na kutojua tu. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye vyuo, na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa mwongozo unaoonyesha kila kozi na masharti yake. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini kwa kozi nyingi za shahada ni kufaulu masomo mawili kwa daraja la A hadi E, yenye jumla ya alama 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili ana sifa ya kuomba, ingawa ushindani ni habari nyingine. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na vyuo huweka viwango vya juu zaidi. Mzazi asome mwongozo huo pamoja na mtoto, hata kama Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Kukaa naye mezani kunatosha.

Tumegundua kwamba katika nyumba nyingi kazi zinazojulikana ni nne: daktari, mwalimu, mwanasheria na mhandisi. Kama ukoo unaishi kwa korosho, na Naliendele karibu na Mtwara kuna kituo cha utafiti wa zao hilohilo, mbona kozi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huitwa kozi ya waliokosa? Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, alihitimu Makerere mwaka 1962 katika somo la Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa Rais. Hatusemi kila asomaye Kiingereza ataingia Ikulu. Tunasema tu kwamba haikuwa mojawapo ya zile nne.

Kwa asiyefikia viwango, milango ipo. Aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aweza kuomba stashahada, na katika kozi kama ya afisa tabibu au uuguzi hutazamwa zaidi matokeo yake ya kidato cha nne. Chuo cha uuguzi kipo Ndanda, na cha ualimu kipo Kitangali. Wengine huanzia stashahada wakaingia chuo kikuu baadaye wakiwa na ujuzi mkononi na mshahara mfukoni. Chuo Kikuu Huria nacho kina masomo ya matayarisho kwa waliopungukiwa.

Fedha ina majira yake huku kwetu, nayo hayalingani na majira ya vyuo. Malipo ya korosho huanza kuingia Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Matokeo hutoka Julai, na ada za maombi hulipwa Julai hadi Septemba, wakati mfuko umekwisha kwa salfa na vibarua. Kwa hiyo fedha ya maombi itengwe tangu Desemba ya mwaka wa nyuma, na nauli pamoja na chakula cha wiki za kwanza chuoni visitegemee mkopo, maana mkopo waweza kuchelewa. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wenye uhitaji, na familia zilizo katika mpango wa TASAF ziseme hivyo katika fomu. Ni mkopo, si zawadi: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Kijana alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Kinachowakwamisha wengi, hata hivyo, ni karatasi kuliko fedha. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Kila mwaka tunaona watu wakihangaika Agosti kwa sababu mtoto aliitwa jina moja shuleni na jingine kwenye cheti, au baba alifariki nyumbani na kifo hakikuandikishwa. Kazi hiyo ianze mtoto akiwa kidato cha tano, katika ofisi ya wilaya, kukiwa hakuna msongamano.

Yule kijana wa mikorosho aliomba stashahada ya utabibu mwaka uliofuata, kwa matokeo yake ya kidato cha nne. Mjomba ndiye aliyemsindikiza hadi stendi. Mikorosho ilikombolewa msimu wa pili, isipokuwa miwili ambayo mwenye rehani alikuwa amekwisha kuikata kuni.